Galaksi Inayopita Utosini mwa Kigoma

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma wanaujua mwezi kwa hesabu yao wenyewe: kuna siku za giza na kuna siku za mbalamwezi. Siku za giza ndizo za kazi. Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, mitumbwi inaondoka kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, taa zinawashwa juu ya maji, na dagaa wanapanda kutoka kilindini kuufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda, nuru inaenea ziwa zima, dagaa hawakusanyiki tena chini ya taa, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Hapa giza ni riziki. Na giza hilo hilo ndilo linalofungua mbingu, kwa kuwa mambo ninayotaka kuyasimulia hayaonekani mwezi ukiwa juu.

Mwaka 2024 ziwa lilipata giza la namna nyingine. Kwa makubaliano na nchi jirani, Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa nyumba zinazokula na kusomesha watoto kwa dagaa na migebuka, na sitaki kulipita hilo kana kwamba ni jambo dogo. Lakini miezi hiyo, hasa Mei na Juni, ndiyo ambayo kundinyota la Mashuke linasimama juu kabisa ya Kigoma usiku ungali mchanga, na Kantarusi nalo limeinuka kusini, upande wa Ujiji. Nyuma ya nyota za makundi hayo mawili, mbali mno kuliko nyota hizo zenyewe, Mwenyezi Mungu ameweka baadhi ya galaksi za ajabu kuliko zote zilizo karibu nasi.

Galaksi ni mji wa nyota. Yetu inaitwa Njia Nyeupe, na ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Ni bapa, ina mikono inayojipinda, na nyota zake karibu zote zinazunguka kitovu kuelekea upande mmoja. Galaksi zenye mikono ndizo zinazopendwa na wapiga picha, kwa kuwa zimepambwa. Zipo nyingine ambazo hazina pambo lolote: hazina mikono, hazina vumbi la kutajika, hazina mawingu yanayozaa nyota mpya. Ni nuru laini tu, kali katikati na inayofifia taratibu kuelekea nje, baadhi zikiwa mviringo, nyingine zimebonyea. Hizi ni galaksi duaradufu. Mwaka 1926 Edwin Hubble alizipanga kwa umbo, kuanzia E0, iliyo mviringo kabisa, hadi E7, iliyobonyea kuliko zote. Mtu akizitazama haraka atadhani ndizo kazi rahisi ya Muumba. Mimi nimeishia kuamini kwamba ndizo zenye historia nzito zaidi mbinguni.

Mojawapo inanigusa kuliko zote, ingawa haina hata jina, ina namba tu ya orodha: NGC 4697. Iko katika Mashuke, na nuru yake inasafiri karibu miaka milioni 40 hadi kutufikia. Katika ramani ya anga iko nyuzi 5.8 kusini ya ikweta ya mbingu. Mji wa Kigoma uko nyuzi 4.9 kusini ya ikweta ya Dunia. Kwa hiyo kila siku, iwe usiku au mchana, galaksi hiyo inapita juu ya paa za mitaa ya Mwanga na Kibirizi karibu kabisa na utosi, ikiukosa kwa pungufu ya nyuzi 1. Ukishuka na boti kuelekea kusini, kabla ya kuifikia milima ya Mahale, ipo sehemu ya ufuko ambako inapita wima hasa. Macho matupu hayaioni; inahitaji darubini ndogo, na hata hapo ni doa jembamba lililorefuka.

Kurefuka huko ndiko kulikowasumbua wataalamu. Kitu kinachojizungusha hubonyea: hata Dunia yetu, kwa kujizungusha, imetuna kidogo kwenye ikweta. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba galaksi duaradufu iliyobonyea imebonyezwa na mzunguko wake vivyo hivyo, na iliyo mviringo haizunguki. Ilikuwa maelezo mazuri, yanayoeleweka na kila mtu. Kilichobaki kilikuwa kupima. Nyota zinazotujia, nuru yake husogea kidogo kuelekea bluu, na zinazotukimbia husogea kuelekea nyekundu. Kwa hiyo ukilinganisha nuru ya ncha moja ya galaksi na ya ncha nyingine, unapata kasi ya mzunguko. Mwaka 1975 Waitalia wawili, Francesco Bertola na Massimo Capaccioli, waliipima NGC 4697, hiyo hiyo inayopita utosini mwa Kigoma. Waliona kwamba inazunguka, lakini polepole kuliko ilivyotarajiwa. Kwa vipimo vyao, mzunguko huo haukutosha kuibonyeza kiasi kile. Miaka iliyofuata galaksi nyingine kubwa zikapimwa, na jibu likawa lile lile.

Basi ni nini kinachozipa umbo? Aliyeonyesha njia kwa hesabu ni Mwingereza James Binney, mwaka 1978, na kuelewa alichosema hakuhitaji kwenda mbali na mtumbwi wa dagaa. Tazama vidudu vinavyoizunguka taa juu ya maji. Kimoja kinakuja moja kwa moja kutoka kushoto, kinaipita taa kwa ukaribu wa kidole, kinatokomea gizani, kisha kinarudi. Cha pili kinapanda na kushuka. Cha tatu kinazunguka upande huu na cha nne kinazunguka kinyume chake. Hakuna kinachofuata kingine, lakini kundi zima lina umbo, na umbo hilo linadumu saa nzima. Kama vingi vinakwenda na kurudi kwa kufuata urefu wa mtumbwi kuliko vinavyopanda na kushuka, kundi litaonekana limerefuka upande huo, bila lenyewe kuzunguka hata kidogo. Ndivyo zilivyo nyota za galaksi duaradufu. Umbo linatokana na pande ambazo nyota zinapendelea kuelekea katika safari zake.

Tofauti ni kwamba nyota hazihitaji taa ya kuzivuta katikati. Zinavutana zenyewe: kila moja inavutwa na mvutano wa nyingine zote kwa pamoja, na wa ile maada isiyoonekana iliyozizunguka. Mabilioni ya safari, hakuna mbili zilizo sawa, na bado ukitazama kutoka mbali unaona nuru tulivu yenye ukingo laini. Hapa ndipo moyo wangu unapomtukuza Mwenyezi Mungu bila kulazimishwa. Ametoa sheria moja ya mvutano, hakuipa kila nyota amri yake, na utulivu ukapatikana kutokana na mwendo ambao kwa macho yetu ni vurugu tupu.

Lakini nyota hizo zilivurugwa na nini? Nyota huzaliwa katika gesi, na gesi inayotulia huwa bapa na kuzunguka kwa mpangilio, kama ilivyo Njia Nyeupe. Lazima kuna kilichoivunja safu. Ushahidi wa karibu uko upande wa pili wa anga la Kigoma, na huu hauhitaji darubini kubwa.

Mwezi Mei, kati ya saa 4 na saa 5 usiku, simama ufukweni ukiwa umeelekea kusini, ziwa likiwa mkono wako wa kulia. Utaliona kundinyota la Salibu limesimama wima. Kushoto yake na juu kidogo kuna nyota moja iliyofifia na yenye ukungu. Hiyo si nyota, ni Omega Centauri, kifungu cha nyota mamilioni kadhaa kilicho ndani ya galaksi yetu wenyewe. Panda kutoka hapo kuelekea juu kwa nyuzi kama 4 na nusu, ukitumia darubini ya macho mawili. Kuna doa la mviringo, hafifu. Subiri macho yazoee giza. Katika usiku mzuri utaona doa hilo limekatwa katikati na ukanda mweusi, kana kwamba ni nusu mbili zilizotenganishwa.

Hiyo ni Centaurus A. James Dunlop aliiona mwaka 1826 kutoka Parramatta, Australia, na akaiona kama viwingu viwili vilivyotenganishwa na nafasi nyeusi. Mwaka 1949 John Bolton na wenzake wawili, wakiwa huko huko Australia, waligundua kwamba mawimbi makali ya redio yaliyokuwa yakitoka upande huo wa anga yanatoka kwenye galaksi hiyo. Mwaka 1954 Walter Baade na Rudolph Minkowski walitoa maelezo ambayo hadi leo yamesimama kwa msingi wake: galaksi kubwa ya duaradufu imekutana na galaksi yenye vumbi na gesi, na ukanda mweusi ni mabaki ya ile ya pili, ambayo hayajamaliza kutulia. Tunachokiona ni tendo lililo katikati ya kutendeka.

Nuru ya Centaurus A imechukua karibu miaka milioni 12 kufika. Ziwa Tanganyika linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Nuru inayoingia jichoni mwako ufukweni mwa Kigoma iliianza safari wakati ardhi ya hapo ilipokuwa ndiyo kwanza inapasuka na kudidimia, kabla maji hayajajaa hadi kina cha mita 1,470, kabla hajapatikana dagaa wa kuvuliwa. Mambo mawili yaliyoanza zamani namna hiyo, moja mbinguni na moja chini ya miguu, yanakutana kwenye mboni ya jicho la mtu aliyeishi miaka michache tu. Sioni namna ya kulisema jambo hilo bila kunyenyekea.

Neno kugongana linaweza kumpotosha msomaji, kwa hiyo tupime. Tulipunguze Jua hadi liwe na upana wa sentimita 2.3. Kwa kipimo hicho, nyota jirani inayofanana na Jua, Alfa Centauri, ambayo nayo iko katika Kantarusi na inaonekana wazi kutoka Kigoma, itakuwa umbali wa kilomita zaidi ya 670, yaani urefu wote wa Ziwa Tanganyika. Kitu cha sentimita 2.3 karibu na Bujumbura, kingine Mpulungu, na katikati yake utupu. Ndiyo maana galaksi mbili zikikutana, nyota zake zinapishana bila kugusana, na katika mabilioni yote hayo kugongana kwa nyota na nyota karibu hakutokei. Sayari yenye watu ingeweza kupita katika tukio zima huku anga lake likibadilika taratibu kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Kinachovurugika ni safari. Mvutano wa galaksi nzima, ambao kila nyota ilikuwa ikiutegemea, unayumba na kubadilika haraka. Nyota moja inaongezewa nguvu na kurushwa nje, nyingine inanyang'anywa na kuzama kuelekea kitovu. Donald Lynden-Bell alilifafanua hilo mwaka 1967. Mwaka 1972 ndugu wawili wenye asili ya Estonia, Alar na Juri Toomre, walionyesha kwa kompyuta za wakati huo kwamba galaksi zinazopishana huvutana mikia mirefu na madaraja ya nyota, mambo ambayo wapiga picha wa anga walikuwa wameyaona bila kuyaelewa. Miaka mitano baadaye Alar Toomre alisema kwa uwazi zaidi: galaksi mbili bapa zikiungana, zao lao ni duaradufu. Wengi walisita. Leo hakuna mjadala mkubwa kwamba kwa galaksi nyingi za aina hiyo alikuwa sahihi.

Gesi nayo haina bahati ya nyota. Mawingu ya gesi ni mapana, hayawezi kupishana. Yanagongana kweli, yanabanwa, na nyota mpya zinawaka kwa wingi katika muda mfupi. Sehemu ya gesi inaporomoka hadi katikati na kulisha shimo jeusi. La Centaurus A lina uzito wa takriban Majua milioni 55, na linarusha mikondo miwili ya chembe zenye kasi ya kutisha. Mwaka 2020 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia zilionyesha kwamba miale ya gama ya galaksi hiyo inatoka kwenye mikondo hiyo, umbali wa maelfu ya miaka ya nuru kutoka kitovuni. Kama macho yetu yangeumbwa kuona mawimbi ya redio, mabawa yake yangechukua angani upana wa miezi mipevu 16 iliyopangwa sambamba.

Kuungana hufuta mengi, lakini hakufuti yote, na hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Mwaka 1980 David Malin na David Carter walitangaza kwamba kwa kuchapisha picha za zamani kwa ustadi wa pekee, unaotoa nuru hafifu kabisa, waliona tabaka nyembamba kama maganda zikizizunguka galaksi ambazo kila mtu alizijua kuwa laini. Ni nyota za galaksi ndogo zilizomezwa zamani. Zinakwenda na kurudi, na pale zinapofika mwisho wa safari na kugeuka zinapunguza mwendo na kusongamana, ndipo ganda linapoonekana. Centaurus A nayo inayo. Mtaalamu wa nyota anaweza kusoma maganda hayo na kujua nani alimezwa na kwa mwelekeo gani. Hakuna kilichosahauliwa kabisa mbele za Aliyeviumba.

Upande wa kaskazini, katika Mashuke hayo hayo, lipo jitu la galaksi duaradufu: M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Charles Messier aliiandika mwaka 1781. Wengi wameiona picha yake bila kujua, maana pete ya nuru iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019 kuwa picha ya kwanza ya shimo jeusi ilitoka kitovuni mwake. Shimo hilo lina uzito wa Majua bilioni 6.5. Njia Nyeupe ina vifungu vya nyota vya namna ya Omega Centauri kama 150 hivi. M87 inavyo karibu 12,000, vingi vikiwa mateka kutoka galaksi ilizozimeza. Na haijashiba: utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ndani ya miaka bilioni 1 iliyopita imemeza nyingine ya wastani. Mwaka 2023 umbo lake lilipimwa kwa pande zote tatu, na hakuna pande mbili zilizo sawa, jambo ambalo mzunguko peke yake haungeweza kulileta.

Jitu hili linaeleza pia kwa nini galaksi hizi hazizai tena. Gesi bado imeizunguka, nyingi sana, lakini ina joto la mamilioni ya nyuzi. Ingepoa ingeporomoka na kuwa nyota. Haipoi, kwa sababu mkondo unaotoka kwenye shimo jeusi unaichemsha upya kila mara. Nyota zilizopo zinazeeka pamoja, zile kubwa za bluu zilikwisha zamani, na zimebaki zile za njano na nyekundu zenye umri wa mabilioni ya miaka. Inaonekana majitu ya namna hii yalikua kwa hatua mbili: kiini kidogo, kizito, kilichojengeka haraka ulimwengu ulipokuwa mchanga, kisha galaksi ndogo ndogo zikaongezwa nje yake, moja baada ya nyingine.

Si kila anayemeza anageuka duaradufu. Mwaka 2018, kwa kutumia vipimo vya setilaiti ya Gaia, iligunduliwa kwamba Njia Nyeupe yenyewe ilimeza galaksi nyingine miaka kama bilioni 10 iliyopita, na Omega Centauri ile ya kusini inadhaniwa kuwa kiini cha galaksi iliyomezwa. Hata hivyo ubapa wetu umebaki. Waliomezwa walikuwa wadogo, na gesi mpya iliendelea kuingia na kutulia.

Mgeni mkubwa anayetarajiwa ni galaksi ya Andromeda. Mtaalamu wa nyota Abd al-Rahman al-Sufi alimwandika akiwa Isfahan, karibu mwaka 964, kama kiwingu kidogo kati ya nyota, na ndicho hicho kinachoonekana kwa macho kutoka Kigoma mwezi Novemba, upande wa kaskazini, katikati ya upeo na utosi, siku za giza. Kiko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 na kinatujia. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba baada ya miaka kama bilioni 4 galaksi hizi mbili zitakutana na hatimaye kuwa duaradufu moja. Hesabu mpya za mwaka 2025 zimepunguza uhakika huo: ndani ya miaka bilioni 10 ijayo, uwezekano wa kuungana ni nusu kwa nusu. Sababu mojawapo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoonekana kwa macho kutoka Ujiji mwezi Januari, chini upande wa kusini. Uzito wake unaivuta Njia Nyeupe pembeni, na mvuto huo unaweza kuifanya Andromeda ipite bila kutunasa.